Nilipeleka katuni za marehemu baba zipewe alama, nikarudishiwa vumbi la raba

Naanza na raba, ile ya kufutia penseli. Bei na siku mtaulizana wenyewe dukani na kijana anayetoa alama. Mimi naanza na raba kwa sababu mpaka leo nikifungua ile mifuko ya plastiki ya katuni vumbi lake linanidondokea mapajani, vinyuzi vyeusi vilivyojisokota kama nongo za shingoni mwa mtoto.

Duka silitaji jina. Liko ng'ambo ya soko la zamani hapa Malindi, ghorofani, ngazi zake zimelika katikati. Yule kijana anatoa kopi, anatengeneza simu, na ubaoni ameandika kwamba anaorodhesha na kutoa alama kwa "vitabu vya kale na katuni za mastelingi". Nilicheka niliposoma. Nani Malindi ana katuni za kupewa alama? Kumbe mimi.

Baba alitandika vitanda hotelini miaka na miaka, tangu sabini na kitu. Wageni wakiondoka huacha vitu: mafuta ya jua nusu chupa, kandambili ya mguu mmoja, na katuni. Wenziwe waligombania mafuta, yeye akachukua katuni. Na kila aliyoichukua aliiandika kwa penseli ukurasa wa kwanza, kona ya juu, nambari ya chumba na maneno mawili matatu. "Chumba 9, Mwingereza mpole." "Chumba 31, hawakuacha hata shilingi." Jioni uani kwetu Maweni alitandika mkeka akatusomea, Batman mpaka Hulk, sauti akizibadilisha mwenyewe, na Hulk wake alinguruma kwa Kigiriama. Mimi nilijua kusoma kabla sijavaa sare ya shule, wala sikufundishwa na mwalimu.

Alipofariki, sanduku lilikaa chini ya kitanda cha mama. Lingekaa hadi leo kama si mpwa wangu kusikia kwamba nakala ya Action Comics nambari 1, ile ya Juni 1938 iliyomleta Superman na kuuzwa senti 10 za Marekani, ilinunuliwa dola milioni 6 mwaka 2024. Nyumba nzima ikashikwa na homa. Nikamwambia sisi hiyo hatuna. Akaniuliza, "Shangazi, kwani umehesabu?" Sikuwa nimehesabu.

Basi siku moja, mvua za kusi hazijaanza, nikalipakia sanduku kwenye tuktuk. Nilipolitua mezani kwake, neno la kwanza kutoka kinywani mwa yule kijana lilikuwa hili: "Mamangu, hizi si za kufungia viazi karai hizi?" Akacheka peke yake. Ningekuwa na akili ningeshuka ngazi hapo hapo.

Lakini alikwenda kunawa mikono, akaikausha vizuri, akashika ya juu na kuifungua kidogo tu, kama mlango wa chumba alicholala mtoto. Akamulika pini zinazoshika kurasa kwa kurunzi ya simu. Nikasema huyu anajua kazi. Na anaijua, sitaki kumsingizia. Alinionyesha kwamba jina na nambari ya katuni haviaminiwi jaladani, vinatafutwa kwenye yale maandishi madogo kama chawa chini ya ukurasa wa kwanza. Akaniambia mwezi wa jaladani si mwezi wa kuuzwa: Amazing Fantasy nambari 15, ile ya kwanza ya Spider-Man, imeandikwa Agosti 1962 na Juni ilishakuwa vibandani. Zetu nyingine zina bei ya pensi, nami miaka yote nikidhani ni bandia. Kumbe zilichapwa huko huko Marekani, zikawekewa bei ya pensi kwa ajili ya soko la Uingereza.

Za Kiitaliano ndizo zilizomtoa jasho. Nusu ya sanduku ni Kiitaliano, na sababu ya hilo mtu wa Malindi haulizi, Waitaliano hapa wamejaa. Spider-Man kwao ni L'Uomo Ragno, alianza kutolewa na Editoriale Corno ya Milano mwaka 1970, na nambari zao zinakwenda njia yake, hazilingani na za Marekani. Programu ya simu yake kila ikipiga picha inasema ni za Kimarekani. Akaiweka simu kando akaziandika moja moja kwenye daftari, kwa mkono, tena kwa Kiitaliano kilichonyooka. Hapo nilishamtilia nyota tano moyoni.

Alama zenyewe, za kuonyesha katuni ni nzima kiasi gani, ni kutoka 0.5 hadi 10. Hesabu ya mpwa wangu ilikufa siku ile ile. Pini zimeota kutu, na kutu ikatia doa karatasini. Hapa chumvi inakula bawaba za milango, itaziacha pini? Zilipata 2, zilipata 3, iliyong'ara kuliko zote ikapata 6.5. Moja ya 1974 ina tundu la mraba ukurasa wa barua. Marvel, wachapishaji wake, walikuwa wakichapa stempu humo ili watoto wakate wakusanye, na hata Hulk nambari 181, ile ya shujaa Wolverine inayotafutwa kwa pesa nyingi, ikikosa stempu yake thamani inaporomoka. Hiyo 181 hatunayo. Tundu tunalo. Aliyekata ni kaka yangu, aliibandika kwenye sanduku lake la shule, na mwanawe ndiye huyo huyo aliyetaka mamilioni.

Sasa, siku niliyorudi.

Alinipokea anatabasamu. "Mamangu, nimekusafishia thelathini na nane. Bure, hiyo sikutozi." Nikamshukuru! Wallahi nilimshukuru, nilidhani amepangusa vumbi. Akaendelea kwamba penseli ni kasoro, inashusha alama, na baadhi zimepanda kutoka 3 hadi 3.5. Nikafungua ya kwanza. Kona ya juu nyeupe. Nikafungua ya pili. Nyeupe. Mwingereza mpole hayupo. Chumba 31 hakipo.

Sijui kama nimewahi kupiga kelele vile tangu nizaliwe. Watu wa chini walipanda kutazama.

Kuna moja niliitafuta mikono ikitetemeka. Giant-Size X-Men nambari 1 ya 1975, ya Len Wein na Dave Cockrum. Yetu haina jalada, ilipotea hata kabla yangu. Ndani yake kuna Storm, jina lake Ororo, mamake Mkenya, na Profesa Xavier, mkuu wa hao X-Men, anakuja kumchukua hapa hapa Kenya, watu wanamwabudu kwa kuwaletea mvua. Baba akifika ukurasa ule anasimama kusoma. Anamwonyesha mama kwa kidole, "Mtazame, huyu wetu." Na ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika hivyo, chumba 22, halafu huyu wetu.

Kona nyeupe.

Nikamuuliza hii imepanda kutoka ngapi hadi ngapi. Akaangalia daftari. "Hii imebaki pale pale, 0.5. Haina jalada, haiwezi kupanda."

"Sasa uliifutia nini?"

Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mkono ulikuwa ushazoea, mama."

Msomaji, nilimwita majina ambayo mamangu akiyasikia atanifungia mlango. Nikampokonya daftari. Safu ya kasoro, mstari wa X-Men: "penseli, maneno matatu na nambari, kona ya kushoto." Na kila mstari hivyo hivyo, maneno manne, maneno sita. Amehesabu maneno ya babangu yote na hakusoma hata moja. Mtu anayesoma yale maandishi ya chawa! Mimi hapo ningetoa nyota moja, na hiyo moja ni ya Kiitaliano chake.

Ila niseme lililofuata, maana nisiposema nitakuwa mwongo. Hakujitetea. Alifunga dirisha, akawasha kurunzi ya simu, akailaza mezani kabisa kando ya ukurasa ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Akaniita, "Shangazi, njoo uone." Mara ya kwanza kuniita shangazi. Nikainama. Baba alikuwa mzito wa mkono, penseli zake zilikuwa zikivunjika kila wiki. Rangi imetoka lakini mfereji umebaki. Herufi zikainuka moja moja na vivuli vyake: h ya kulala, y yenye mkia mrefu unaopita chini ya neno linalofuata. Huyu wetu. Nilikuwa nimeyasahau yale mandevu ya y yake, na kwa penseli kamwe nisingeyaona vile, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nayasoma tu siyatazami.

Tulizipitia zote thelathini na nane mpaka adhana ya magharibi. Yeye anashika kurunzi, mimi nasoma, yeye anaandika, safari hii maneno yenyewe. Tatu zilikataa kabisa, karatasi imefumuka kwa kusuguliwa. Alininunulia soda, nikainywa bila kumwangalia.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nikilishika daftari natoa nne. Limeandikwa kwa adabu kuliko vyeti vingi vya serikali, na sasa lina safu ambayo sidhani kuna mworodheshaji mwingine anayo, inaitwa "mzee alisema". Nikifungua zile tatu natoa sifuri, tena sifuri ya kupiga mstari chini. Mpwa wangu anasema tuuze za Kiitaliano, watalii watanunua. Nimemwambia aanze na sanduku la babake lenye stempu.

Mkikwenda, mwambieni mapema asisafishe chochote. Semeni mara mbili. Hatakasirika, siku hizi nasikia anauliza mwenyewe kabla hujakaa. Salio langu la shilingi 7,020 nilimlipa lote, alikataa kupunguza na mimi nilikataa kupunguziwa, tukasukumana na noti pale kama watu wa harusi. Wakati wa kushuka ngazi niliikwapua raba yake mezani. Iko kwenye mkoba wangu, upande mmoja imelika imekuwa nyeusi. Akiitaka aje Maweni.