TV ya muvi hupimwa kwa tukio la usiku

Ukiingia duka lolote la vifaa vya umeme kando ya Barabara ya Sokoine, Arusha, utakuta TV zimepangwa ukutani zote zinawaka, na zote zinaonyesha vitu vilevile: maua, kasuku, matunda yaliyokatwa, samaki wa rangi. Mwanga umepandishwa hadi mwisho na taa za duka zinawaka mchana kutwa. Katika hali hiyo TV ya bei ya chini na ile ya bei mara tatu yake zinaweza kufanana kabisa. Tofauti hujitokeza nyumbani usiku, taa zikizimwa, muvi ikifika pale mtu anapopita kwenye korido yenye giza. TV moja itakuonyesha koti lake jeusi mbele ya ukuta mweusi, mpaka mikunjo ya koti. Nyingine itakuonyesha ukungu wa kijivu.

Kwa hiyo anayenunua TV kwa ajili ya muvi aanze na weusi wa kioo. Inchi, 4K (wingi wa nukta za picha) na programu zilizomo vifuate baadaye.

TV nyingi zinazouzwa Arusha na Moshi ni za LED, maana yake kuna kioo cha LCD mbele na taa ndogo za LED nyuma yake. Kioo chenyewe hakiwaki. Kazi yake ni kuzuia au kupitisha mwanga wa zile taa, na kinachojua kuzuia ndicho chenye weusi mzuri. Aina kuu ni mbili, VA na IPS. VA hutoa tofauti ya nyeupe na nyeusi ya 3000 kwa 1 mpaka 6000 kwa 1, wakati IPS hukaa karibu na 1000 kwa 1. Ukitazama muvi gizani, namba hizo unaziona kwa macho bila kipimo chochote. IPS nayo ina sifa yake: aliyekaa pembeni haoni rangi zikipauka, jambo linalofaa sebule ambayo makochi yamezunguka kuta tatu na familia ni kubwa. Kwa muvi, mimi ningechukua VA na kusogeza makochi.

Kwenye boksi mara nyingi hutaona VA wala IPS imeandikwa, na kuna watengenezaji wanaotumia vioo tofauti ndani ya modeli ileile. Simama pembeni ya TV ukiitazama kwa mshazari. Rangi zikififia na uso wa mtu ukapauka, hiyo ni VA. Zikibaki vilevile, karibu hakika ni IPS.

Nenda dukani na flashi yako. Weka vipande vinne: dakika mbili za tukio la usiku, majina ya mwisho wa muvi yanayopanda kwa herufi nyeupe juu ya weusi, tukio ambalo kamera inazunguka polepole, na kipande cha muvi ya aina unayotazama kila siku. Mwambie muuzaji, “Kaka, naomba unizimie taa za upande huu, halafu mpangilio wa picha uuweke kwenye Movie.” Muuzaji anayejua biashara yake hakatai. Kwenye yale majina, angalia kama kila herufi imezungukwa na ukungu wa mwanga. Kwenye tukio la usiku, angalia pembe nne za kioo. Pembe inayong'aa kama kuna tochi nyuma yake itang'aa hivyohivyo miaka yote utakayokaa nayo.

Maneno ya kwenye boksi yanachanganya watu wengi. QLED ni LED ileile iliyoongezewa tabaka la kuboresha rangi, na weusi wake hautofautiani na wa LED ya kawaida kama hakuna kitu kingine ndani. Kitu hicho kingine ni uwezo wa kuzima taa za nyuma kwa sehemu, pale penye giza tu. Mini LED ina taa ndogo nyingi zilizogawanywa kwenye sehemu nyingi, na hapo ndipo LED inapoanza kuwa TV ya muvi kwa maana halisi. OLED ni kitu tofauti kabisa: kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inawaka yenyewe na kujizima yenyewe, kwa hiyo nyeusi ni nyeusi kweli. Kwa picha ya muvi usiku hakuna inayoishinda. Ila nyumba ambayo TV inashinda kwenye chaneli ya habari kutwa nzima, nembo ileile pembeni na maandishi yaleyale yakipita chini, isinunue OLED. Alama hizo zinaweza kubaki kwenye kioo moja kwa moja.

HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, nayo huandikwa hata kwenye TV ndogo ya inchi 32. Kupokea HDR ni jambo moja na kuionyesha ni jambo jingine. TV yenye mwanga wa niti 250 au 300 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) hupokea picha ya HDR na kuishusha, na mara nyingi inatoka na giza kuliko ile ya kawaida. Ili uione inavyotakiwa, tafuta TV ya niti 600 kwenda juu yenye kuzima taa kwa sehemu, au OLED. Kama unapenda Dolby Vision, ambayo ni aina mojawapo ya HDR, jua kwamba Samsung hawaiweki kwenye TV zao. Wao wana aina nyingine, HDR10+. LG, Sony, Hisense na TCL wanayo kwenye modeli zao nyingi.

Sasa ukubwa. Chukua futi uipeleke dukani, upime kioo kwa mshazari, sehemu inayowaka tu. Inchi 43 ni sentimita 109, inchi 55 ni karibu sentimita 140, inchi 65 ni 165. Pungufu la sentimita moja ni la kawaida, ila pungufu la tano ni wizi. Halafu pima nyumbani kutoka kochi hadi ukutani. Kwa muvi, umbali mzuri ni urefu wa mshazari mara 1.6: mita 1.75 kwa inchi 43, mita 2.25 kwa inchi 55, mita 2.65 kwa inchi 65. Sebule nyingi za mita 3 kwa 4 zinabeba inchi 55 bila shida. Usishangae muvi isipojaa kioo. Muvi nyingi za sinema zina upana wa 2.39 kwa urefu wa 1, na kwenye inchi 55 zinaacha mkanda mweusi wa karibu sentimita 9 juu na 9 chini. Kwenye kioo cha weusi mbovu mikanda hiyo ni ya kijivu na inakusumbua saa mbili nzima. Kwenye kioo kizuri unaisahau.

Umbali huo una sharti moja, nalo linategemea muvi zako zinatoka wapi. Huku kwetu muvi nyingi zinajazwa kwenye flashi dukani, na zilizotafsiriwa kwa Kiswahili mara nyingi ni faili ndogo lililobanwa sana, picha ya mistari 480 au 720 tu. Ukilivutia faili hilo kwenye kioo cha 4K cha inchi 65, kila kasoro inakuzwa: uso unakuwa kama nta na anga inajaa mabokisi. Kwa mtazamaji wa aina hii kinachofaa ni TV yenye uwezo mzuri wa kukuza picha ndogo, na hapo Sony wana sifa ya miaka mingi. Inchi 43 au 50 ukikaa mita 2.5 itampa raha kuliko inchi 65. Ndiyo maana kile kipande cha nne kwenye flashi ni lazima.

Flashi zina mambo yake mengine. Iliyoandaliwa (format) kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo muvi kubwa itakataa kunakiliwa. Tumia exFAT au NTFS, ila hakikisha TV inazisoma. Picha ikitokea bila sauti, mara nyingi sauti ya faili imebanwa kwa mtindo wa DTS. Samsung waliiacha DTS kwenye TV zao kuanzia matoleo ya 2018, na TV nyingi nyingine hazina. Picha ikikataa kabisa wakati sauti inasikika, huenda video ya faili imebanwa kwa mtindo wa H.265 na TV ni ya zamani au ya bei ndogo.

Kwa wanaotumia intaneti, Netflix wanapendekeza kasi ya Mbps 5 kwa picha ya 1080 na Mbps 15 kwa 4K. Saa moja ya 4K inaweza kula GB 7, kwa hiyo muvi ya saa mbili ni GB 14. Piga hesabu ya bando kabla ya kulipia 4K. Tahadhari pia na TV za bei ndogo zenye Android isiyo na kibali cha Netflix, kwani programu inaweza kufunguka ikakuishia kwenye picha ya 480. Mifumo ya Tizen ya Samsung, webOS ya LG, Google TV na VIDAA ya Hisense ni salama kwa upande huo.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. Spika za TV nyembamba zinatazama chini au nyuma, na mazungumzo yanapotelea ukutani. Karibu kila nyumba ina sabufa, nayo inafaa, lakini TV nyingi mpya hazina matundu ya waya mwekundu na mweupe. Geuza TV kabla ya kulipa uangalie nyuma. Ukikuta tundu la mraba linalotoa mwanga mwekundu, nunua kiboksi cha kubadilisha sauti ya dijitali kuwa ya analojia, ukipe umeme kutoka kwenye USB ya TV, halafu ingia kwenye mpangilio wa sauti uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Bila PCM sabufa itanyamaza au itakwaruza, na watu wengi hurudisha kiboksi wakidhani kibovu. Kisha punguza besi mpaka maneno yasikike wazi. Anayenunua saundiba atumie tundu la HDMI lililoandikwa ARC, linalorudisha sauti ya TV kwenye saundiba.

Ukifika nyumbani, kwenye mpangilio wa picha toa Vivid uweke Movie au Filmmaker Mode. Rangi iweke kwenye Warm. Siku mbili za kwanza utaona kama picha imekuwa ya njano, kisha macho yanazoea na ngozi za watu zinaonekana ngozi. Zima kulainisha mwendo, ambako kwa LG kunaitwa TruMotion, kwa Sony Motionflow na kwa Samsung Picture Clarity. Muvi nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde, na TV ikitunga za kwake katikati, muvi inageuka kama tamthilia ya mchana.

Halafu kuna taa za nyuma, na hapa ndipo TV nyingi za LED zinapofia. TV ikitoa sauti bila picha, zima taa za chumba, mulika tochi karibu kabisa na kioo. Ukiona kivuli cha picha, kioo ni kizima na taa ndizo zilizokufa. Zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikiungua zote huzimika. Doa jeupe la mviringo lenyewe ni kifuniko cha plastiki cha taa kilichoachia gundi kwa joto. Mwambie fundi abadilishe seti nzima, kwa sababu akibadilisha mstari mmoja utakuwa na upande unaong'aa na upande uliofifia. Kinga yake ni kushusha mwanga wa taa za nyuma mpaka asilimia 60 au 70 tangu siku ya kwanza. Usiku hutaona upungufu wowote, na taa zitapata nafuu ya joto.

Umeme ukikatika na kurudi ghafla ndio unaoua saketi ya TV, hivyo kifaa cha kulinda TV kinunuliwe siku ileile. Wakati wa masika, radi ikianza, chomoa plagi pamoja na waya wa dishi au antena. Pigo la radi hupita hata kwenye waya huo mpaka kwenye king'amuzi na TV, na wengi hukumbuka plagi tu. TV iliyotumika kutoka nje iangaliwe kibandiko cha nyuma: 100–240V ni salama, ila yenye 100V au 120V pekee itaungua ukiichomeka hapa.

Usilipe kabla haijawashwa kwa dakika 15 angalau. Weka picha nyeupe tupu na nyeusi tupu kutafuta nukta zilizokufa. Dai risiti ya EFD, na namba ya modeli na namba ya serial ziandikwe kwenye waranti zikilingana na za nyuma ya TV. Waranti nyingi hazihusishi kioo kilichopasuka, na bei ya kioo kipya inakaribia ya TV nzima.

Kwa sababu hiyo usafiri ni sehemu ya ununuzi. Kwa anayenunua Arusha na kupeleka Moshi, Marangu au Karatu, boksi lisimame wima njia nzima, limeegemea kiti, bila mzigo wowote mbele yake. TV iliyolazwa kwenye buti hubeba uzito wake katikati ya kioo, na tuta moja linatosha kuipasua bila boksi kuonyesha alama. Ikifika usiiwashe papo hapo kama imetoka kwenye baridi ya Arusha ya Juni au Julai na kuingia kwenye joto la Moshi. Iache saa moja au mbili unyevu ukauke, ndipo uchomeke, uweke ile flashi yako, uzime taa na urudie tukio la usiku.