Fensi ya mashine ndogo ya randa: ipi ununue, ipi uiache

Wanunuzi wengi wa mashine ndogo ya randa, yenye visu vya upana wa inchi 6 au 8, huulizia kwanza nguvu ya mota. Lakini mbavu za mbao zikutane bila kupitisha mwanga au zisikutane, hilo ni la fensi, ule ukuta unaoegemezea ubao. Ikiinama nusu digrii tu, mbao mbili ukiziunga zinakunja digrii 1. Chukua uso wa meza wa mbao 5 za milimita 100, makosa yote yakielekea upande mmoja: kingo za nje zinainuka karibu milimita 5 kuliko katikati. Hapo msasa hausaidii kitu.

Ninayoiweka mbele ni fensi ya chuma cha kusubu iliyoshikwa katikati, jirani na visu, inayoteleza kwenye gruvu na kukazwa kwa wenzo. Mshiko uko pale pale ubao unapokatwa, kwa hiyo hauyumbi. Iwe na vizuio, yaani bolti zinazoisimamisha fensi kwenye digrii 45, 90 na 135, kila bolti na nati yake ya kufungia. Kero yake ni unga wa mbao na utomvu: vinaganda kwenye kichwa cha bolti ya 90, kizuio kinaonekana kimegusa, kumbe fensi haijafika. Pangusa kabla hujagusa nati.

Ya pili ni ile ya gurudumu la mkono na ufito wa meno. Kwa fensi nzito ya inchi 8 ni raha, maana inabidi uisogeze mara kwa mara visu visilike sehemu moja. Ila meno yanasogeza tu, pembe hayaishiki. Kwenye mashine ya inchi 6 usiyaongezee pesa.

Alumini iliyoshikwa ncha moja ni ya tatu: nyepesi, lakini ncha ya mbali inacheza. Mwisho kabisa ni bati lililokunjwa lenye bolti mbili kwenye matundu marefu. Ukiwa nalo tayari, lifungie ubao mnyoofu wa mbao ngumu, na nyuma yake utie vipande vya kopo la soda, unene kama milimita 0.1, mpaka skwea, kile kipimo cha pembe ya digrii 90, ikubali.

Dukani, mashine ichomolewe umeme. Weka fensi kwenye 90, kaza, *ndipo* upime, kwa sababu nyingi huhama wakati wa kukazwa. Skwea isimame kwenye meza ya kutokea, ile ubao unakopita ukishakatwa, karibu na visu. Inamisha hadi 45, rudisha, pima tena, mara tatu. Isiporudi palepale, iache. Sukuma ncha ya juu kwa kidole gumba uone kama mwanga unajitokeza. Kisha pima ncha zote mbili: moja ikikubali na nyingine ikakataa, fensi imejisokota, na hakuna bolti ya kuinyoosha.

Halafu ivute fensi mbele uchungulie nyuma yake. Visu vilivyobaki huko lazima vifunikwe na kinga inayofuatana na fensi. Visipofunikwa, usinunue hata kwa nusu bei.