Chimbuko la vita vya Msumbiji: mkono wa jirani au kinyongo cha ndani?

Hapa Bagamoyo, ambako FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji na kisha kuitawala, kiliendesha shule yake ya sekondari wakati wa ukombozi, chimbuko la vita vya Msumbiji vya 1977 hadi 1992 huelezwa kwa namna mbili. Wapo wanaoilaumu Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambayo idara yake ya ujasusi iliiasisi RENAMO, kundi la waasi waliopigana na serikali ya FRELIMO, kisha Afrika Kusini ya makaburu ikairithi mwaka 1980 na kuendelea kuisaidia hata baada ya Mkataba wa Nkomati wa 1984, ambamo Msumbiji na Afrika Kusini ziliahidiana kutosaidia waasi wa upande mwingine. Wengine hutaja sera za serikali ya FRELIMO: wakulima kulazimishwa kuhamia vijiji vya pamoja, na machifu kuvuliwa madaraka. Kuhusu kuzaliwa kwa vita, naegemea maelezo ya kwanza. Ila wingi wa kura za RENAMO katika majimbo ya kati mwaka 1994 hauelezeki bila ya pili.