Coca-Cola na Pepsi: funda moja na chupa nzima

Kwa siku nne mfululizo nimezionja Coca-Cola na Pepsi, mara nikiziona chapa zake, mara nikiwa nimefumba macho huku mwenzangu akimimina na kunikabidhi bilauri mbili zinazofanana, zote zikiwa zimetoka katika jokofu moja na kwa ubaridi ule ule. Jibu halikubadilika. Katika funda la kwanza niliipenda Pepsi zaidi, lakini bilauri niliyoimaliza bila kujilazimisha ilikuwa ya Coca-Cola. Tofauti hiyo ya kipimo ndiyo iliyonifanya niutazame upya ushindani wa soda hizi mbili, ambao kwa zaidi ya miaka 100 umeelezwa kana kwamba ni suala la ladha peke yake.

Pepsi huingia mdomoni na utamu wa wazi wenye uchachu wa mbali kama wa ndimu, na utamu huo hufika ulimini kabla gesi haijaanza kuchoma. Ni soda inayojitambulisha upesi, na kwa mtu mwenye kiu funda lile la kwanza ni raha tupu. Bilauri inapofika nusu, hata hivyo, utamu ule ule huanza kuganda juu ya ulimi na nyuma ya meno, na gesi ikishapungua unahisi kama unakunywa shira iliyozimuliwa. Coca-Cola hukawia kidogo. Gesi yake huchoma kwanza, hasa kooni, ndipo inapofuata harufu inayonikumbusha vanila na mdalasini, na ukishameza mdomo hubaki na ukavu kidogo unaokuvuta kwenye funda jingine. Nilipoziacha bilauri mbili mezani kwa nusu saa, Pepsi ilikuwa imechuja kabisa, ilhali Coca-Cola ilikuwa bado na ukali wake, ingawa soda iliyokwisha kupata joto na kukata gesi simshauri mtu yeyote ainywe, iwe ya chapa ipi.

Maandishi ya kwenye kopo yanaeleza sehemu ya jambo hili. Katika kopo la mililita 355 la Marekani, Coca-Cola ina gramu 39 za sukari na miligramu 34 za kafeini, na Pepsi ina gramu 41 za sukari na miligramu 38 za kafeini. Zote mbili zina asidi ya fosforiki, lakini Pepsi huongezewa asidi ya sitriki, ambayo ndiyo asidi ya ndimu, na nadhani ule uchachu niliousikia unatoka huko. Gramu 2 za sukari ni yapata nusu kijiko cha chai, kiasi ambacho unakihisi katika funda moja kama wepesi wa ladha, na katika kopo zima unakihisi kama uzito. Viwango hivi hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo mnunuzi na asome kopo lililo mkononi mwake.

Pepsi walijua mapema nguvu ya funda la kwanza. Mwaka 1975, wakianzia Dallas, walianza kuwaalika watu waonje vikombe viwili visivyo na nembo na kuchagua kimoja. Wengi walichagua Pepsi, na matangazo yakalisambaza jambo hilo Marekani nzima. Sioni hila katika jaribio lile, kwa sababu waliochagua walisema kweli juu ya kile walichopewa. Walipewa kikombe kidogo cha kuonja, basi, na soda hainunuliwi kwa kikombe cha kuonja.

Waliokosea zaidi ni Coca-Cola, kwa kuamini majaribio ya namna hiyo kupita kiasi. Chini ya Roberto Goizueta, aliyekuwa mkuu wa kampuni wakati huo, walitengeneza mchanganyiko mpya uliokuwa mtamu zaidi, wakawaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi wakaupenda kuliko soda ya zamani. Tarehe 23 Aprili 1985 soda mpya ilitangazwa, na ile ya zamani ikaondolewa sokoni. Kufikia Juni kampuni ilikuwa ikipokea simu zipatazo 1,500 kwa siku, na tarehe 11 Julai, siku 79 baada ya tangazo la kwanza, wakuu wake walitangaza kwamba soda ya zamani ingerudi kwa jina la Coca-Cola Classic. Kisa hiki husimuliwa kuthibitisha kwamba watu hunywa nembo na kumbukumbu zao tu. Mapenzi ya chapa yalikuwapo, tena makubwa, lakini naamini ndimi za wateja nazo zilikuwa na hoja: soda iliyoshinda katika vikombe vya kuonja ilitakiwa sasa inywewe nyumbani, chupa baada ya chupa, wiki baada ya wiki.

Kipimo kilikuwa kimeamua mambo hata kabla ya hapo. Coca-Cola ilitungwa na mfamasia John Pemberton mjini Atlanta mwaka 1886, na Pepsi ilitungwa na mfamasia mwingine, Caleb Bradham wa New Bern, North Carolina, aliyeiita Brad's Drink mwaka 1893 na kuibadilishia jina kuwa Pepsi-Cola mwaka 1898. Bradham alifilisika mwaka 1923 baada ya kununua sukari kwa bei ya juu na bei hiyo kuporomoka. Aliyeifufua Pepsi ni Charles Guth, mkuu wa kampuni ya maduka ya peremende ya Loft, ambaye alikuwa amenyimwa punguzo la bei ya shira na Coca-Cola; mwaka 1931 aliichukua chapa hiyo ikiwa imefilisika kwa mara ya pili. Katika miaka ile ya dhiki ya uchumi akaanza kuuza chupa ya wakia 12 (yapata mililita 355) kwa senti 5, bei ile ile ya chupa ya Coca-Cola ya wakia 6.5. Mtu aliyekuwa akihesabu sarafu zake alipata soda karibu maradufu, na sidhani kama alijiuliza sana juu ya vanila na ndimu. Coca-Cola ilikuwa imefungwa na mashine zake za kuuzia zilizopokea sarafu moja ya senti 5, na pia na chupa yake yenye kiuno, iliyobuniwa mwaka 1915 na kujulikana kote. Chupa kubwa zaidi haikuanza kuziuza hadi mwaka 1955.

Kwa mlo mzito wenye mafuta mengi ninapendekeza Coca-Cola, kwa kuwa ule ukavu wake husafisha mdomo. Kwa bilauri iliyojaa barafu ninapendekeza Pepsi, maana barafu inapoyeyuka huupunguza utamu unaozidi. Lakini kuna jambo moja linalonizuia kuitangaza Coca-Cola kuwa bora kwa sababu tu inamalizika kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ajitahidi asizidishe yapata gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na kopo moja la soda yoyote kati ya hizi mbili limeshaupita mpaka huo kwa mbali. Kile kipimo cha zamani cha wakia 6.5, ambacho ni yapata mililita 192, kingekuwa na gramu 22 za sukari kwa Pepsi au 21 kwa Coca-Cola, na katika kiasi hicho Pepsi huisha kabla utamu wake haujaanza kuchosha. Ndiyo maana siku ya nne, baada ya kumaliza kuonja, nilifungua kopo la Pepsi, nikaligawa katika bilauri mbili na kumpa mwenzangu moja.