QGIS na picha za Sentinel-1: nilivyochora mafuriko ya bonde la Luiche

Kikundi chetu kinalima mpunga bonde la Luiche, karibu na Ujiji, na kila mwaka tunagombana kuhusu mashamba yapi yasikodishwe kwa sababu maji huyachukua. Hela ya kumlipa mtaalamu hatuna. Nikajitosa mwenyewe na QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, pamoja na picha za setilaiti ya rada ya Sentinel-1, bure pia. Ila bando si la bure: picha moja hukaribia GB 1, nikawa nazishusha usiku wa manane.

Rada ndiyo iliyonivuta. Picha za kawaida za angani wakati wa mvua huku Kigoma ni mawingu matupu, lakini rada hupenya wingu, mchana na usiku. Mawimbi yake yakigonga maji yaliyotulia huteleza upande wa pili bila kurudi, kwa hiyo maji hutokea meusi. Nilifungua picha ya Aprili, nikamwita mke wangu kwa mbwembwe. Akatazama kidogo, akauliza, "Na uwanja wa ndege nao umefurika?" Kumbe lami nayo ni laini, huonekana nyeusi vilevile, na vivuli vya milima pia. Dawa yake ni kuchukua picha ya Agosti na kuilinganisha na ya Aprili: kilicho cheusi zote mbili si mafuriko.

Siku mbili nilizipoteza kijinga. Nilikuwa na namba za GPS za mashamba kwenye daftari, nikafuata mafunzo ya mtandaoni yaliyotengenezwa kwa Dar es Salaam, nikachagua kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda zenye namba. Mashamba yetu yote yakaangukia Bahari ya Hindi, mashariki ya Pemba! Mji wa Kigoma uko magharibi ya nyuzi 30 za longitudo, mpaka wa kanda ya 35 na 36, kwa hiyo kanda yetu ni 35. QGIS haikunionya hata kidogo, inaamini unachoiambia.

Udhaifu mkubwa niliugundua shambani. Matete yaliyosimama majini hayawi meusi, yanang'aa, maana mawimbi hugonga maji, yakagonga mashina, yakarudi yalikotoka. Chini ya michikichi rada haioni kitu. Nikajaribu kuziba pengo kwa ramani ya SRTM, inayoonyesha kimo cha ardhi, iliyopimwa Februari 2000, lakini inaandika mita nzima nzima, na bondeni kwetu nusu mita ndiyo inayoamua uvune au ulie.

Hapo nikamfuata mzee mmoja aliyezaliwa palepale. Nikamwonyesha ramani kwenye kompyuta, akacheka. "Mwanangu, hapa pakavu? Njoo." Akanipeleka kwenye mchikichi wenye mstari wa tope juu ya kiuno changu. Tulizunguka miti kumi na mbili, kila mmoja nikaupima kwa futi na kuuchukulia GPS.

Kwa maji ya wazi, rada naipa nyota tano bila kusita. Kwa matete na michikichi, mbili tu. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 itakutesa, kata picha ibaki eneo lako kabla ya kufanya lolote. Ramani tuliyobandika ofisini ina rangi mbili: buluu ya setilaiti, nyekundu ya mzee. Watu wakifika huanza kutafuta shamba lao kwenye nyekundu.