Kinasa sauti cha simu kwa mhubiri anayetoa ushuhuda wake

Programu ya kurekodi inayokuja na simu haikutengenezwa kwa ajili ya wahubiri, lakini kwa kupima ushuhuda kabla ya kuupandisha mimbarini inafaa kuliko daftari.

Usirekodi mahubiri yote. Rekodi ushuhuda peke yake, pamoja na sentensi mbili za kuuingilia na mbili za kurudi kwenye andiko. Weka simu mezani, kama nusu mita kutoka mdomoni, na uiweke kwenye hali ya ndege (airplane mode), maana mtu akipiga kurekodi kunaweza kukatika. Simama, sema bila kusoma. Sikiliza kesho yake. Ukisikiliza papo hapo utasikia ulichokusudia badala ya ulichosema.

Tazama muda kwanza. Katika mahubiri ya dakika 30, ushuhuda unaopita dakika 3 kwa kawaida umevimba mwanzoni: mwaka, mji, nani alikuwepo, gari lilikuwa la rangi gani. Paulo mbele ya Agripa (Matendo 26) anaeleza ujana wake, njia ya Dameski na utume wake, na yote husomeka kwa sauti ndani ya dakika chache.

Sikiliza tena ukiwa na karatasi yenye safu mbili. Tia alama upande mmoja kwa kila sentensi ambayo mtendaji ni wewe, na upande wa pili ambayo mtendaji ni Mungu. Hapa ndipo programu hii inaponifurahisha kweli, kwa sababu kosa lililojificha kwenye maandishi husikika wazi: dhambi ya zamani imesimuliwa kwa dakika mbili tena kwa utamu, neema ikaambulia sekunde kumi. Au msimulizi ametoka shujaa, na waumini watarudi nyumbani wakimkumbuka yeye. “Hatujihubiri wenyewe,” anasema Paulo katika 2 Wakorintho 4:5. Na kama sauti inakatika mahali palepale kila ukirudia, jeraha bado ni bichi. Lipeleke kwa mlezi wako wa kiroho, usiwatwike washirika.

Udhaifu wa programu hii ni mkubwa pia. Haikuambii kama mwenzi au mtoto uliyemtaja ameridhia. Msikilizishe rekodi yenyewe ndipo umwombe ruhusa, kwani maelezo ya juu juu hayatoshi. Ya chumba cha ushauri yasiingie kabisa, hata ukificha jina. Kanisa dogo hutambuana haraka. Wala programu haipimi ukweli: kumbukumbu hujaza mapengo, na kila usimulizi huongeza chumvi kidogo, hivyo uliza mtu aliyekuwepo.

La mwisho ni usiri. Simu nyingi zinaweza kutuma nakala zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Zima mpangilio huo kabla ya kuanza, na ibada ikiisha futa rasimu zote, ukikumbuka kumwaga na kapu la taka, ambako baadhi ya simu huzihifadhi kwa siku kadhaa.