Uzoefu wangu: Siku mbili na karatasi za Kapteni Grant, Edinburgh

Ukipita Serengeti ukaonyeshwa swala granti, jina la mtu huyu limeshakufika masikioni. James Augustus Grant alizaliwa Nairn, Uskochi, mwaka 1827, akawa ofisa katika jeshi la India, kisha akatembea kutoka Zanzibar hadi Misri pamoja na Mwingereza John Hanning Speke kati ya 1860 na 1863, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Shajara zake, barua zake na picha alizochora kwa mkono wake zimetunzwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi, barabara ya George IV Bridge, Edinburgh. Nimekaa nazo siku mbili mwezi uliopita. Kabla ya kwenda nilitafuta Mswahili mwenzangu aliyekwisha kwenda anieleze kukoje, sikumpata. Kwa hiyo naandika mimi.

Kilichonipeleka ni nyumbani. Kwetu ni Karagwe, kaskazini magharibi mwa Tanzania, na mama alizaliwa si mbali na Bweranyange, palipokuwa na makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika. Speke na Grant walifika kwake Novemba 1861. Januari iliyofuata Speke akaendelea Buganda, Grant akabaki, mguu umevimba na una kidonda, hawezi kuukanyagia. Alikaa kwa Rumanyika zaidi ya miezi mitatu, mpaka Aprili alipobebwa kwa machela kuelekea kaskazini. Mtu aliyelazwa na mguu hana pa kwenda, anabaki kutazama. Nilitaka kujua alitazama nini.

Huduma yenyewe sasa. Kadi ya msomaji ni bure kabisa. Unakwenda na kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi. Majalada unayaagiza mapema kwa akaunti yako ya mtandaoni, ili siku ukifika uyakute yameshaletwa kutoka ghalani. Mkoba unauacha kwenye kabati la kufunga. Kalamu ya wino, maji, peremende, vyote vinabaki nje. Unaingia na penseli, daftari na kompyuta yako. Mikono iwe safi na mikavu. Mfanyakazi wa maktaba alinionyesha namna ya kulilaza jalada juu ya mito ya sponji ili mgongo wake usipasuke, na namna ya kuweka uzi mzito juu ya ukurasa ili usijifunge wenyewe. Alinieleza taratibu, hakunifanya nijione mgeni. Kwa hilo peke yake nawapa alama zote.

Nilianza na jalada la picha, namba yake kwenye katalogi ni MS.17919. Hapa ndipo siku yangu ya kwanza ilipoishia.

Kwa macho ni vitu vidogo: michoro ya penseli, mingine imepakwa rangi za maji, ina maelezo mafupi ya mwandiko wake. Watu, nyumba, mimea, milima. Ukiinamia karibu unaona mistari ya penseli chini ya rangi, na pale alipobadili mawazo akarudia. Sasa kumbuka jambo hili: mwaka 1857, kwenye vita vya kuikomboa Lucknow huko India, Grant alijeruhiwa vibaya mkono wa kulia. Miaka mitatu baadaye ndipo alipoingia safari hii. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo zamani likapita. Pale mezani, nikiangalia jani moja la mmea limechorwa mshipa kwa mshipa, niliweka penseli chini nikatulia kwa muda.

Mimea aliipenda kweli. Aliikausha njiani, akaiandikia majina ya wenyeji na matumizi yake, na mikusanyo hiyo ikaishia kwenye bustani ya Kew, London. Miaka ya 1870 Jumuiya ya Linnean, chama cha wataalamu wa mimea na wanyama huko London, ikachapisha juzuu nzima juu ya mimea ya safari hiyo. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko ugomvi wote wa chanzo cha Mto Nile. Na ule ugomvi tena si wake: siku Speke alipofika kwenye maporomoko ambako Nile ulitoka Ziwa Victoria, karibu na Jinja, Julai 1862, Grant hakuwepo, alikuwa ametangulizwa upande wa Bunyoro. Alikosa lile tukio lote walilolisafiria, na baada ya Speke kufa mwaka 1864 aliendelea kumtetea rafiki yake mpaka alipofariki mwenyewe mwaka 1892. Nimemheshimu kwa hilo.

Siku ya pili nilichukua shajara, MS.17915. Hapa nakuonya: usiende na saa mbili ukitegemea kumaliza. Mwandiko unahitaji macho kuuzoea. Saa ya kwanza nilikuwa nasoma neno moja hapa, moja pale. Kufika mchana nilikuwa nasoma sentensi. Na ukitafuta kwenye katalogi, tafuta kwa tahajia zao. Wasafiri hawa waliandika walivyosikia. Rumanyika ni "Rumanika". Tabora waliiita "Kazeh". Wangwana, wale watu wa pwani walioibeba safari nzima mabegani, ni "Wanguana". Mutesa, Kabaka wa Buganda, anakuwa "Mtesa". Mimi nilipoteza nusu siku nyumbani nikiandika majina yetu kama tunavyoyaandika leo, najibiwa hakuna kitu.

Kuna jambo linaloniuma, na si kosa la maktaba. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani mpaka India, ndiye aliyekuwa mkalimani na msimamizi wao. Alikuwa ameshatembea na Richard Burton na Speke mwaka 1857, akaja kutembea na Henry Stanley, kisha na Verney Cameron, wote wasafiri wa Kizungu waliopita bara letu. Hakuna Mzungu hata mmoja kati ya hao aliyeijua njia kumzidi. Lakini ukitaka jalada la karatasi za Bombay, hakuna jalada. Unamtafuta ndani ya karatasi za waajiri wake, ukurasa baada ya ukurasa. Nilikuwa nikikuta jina lake naandika tarehe pembeni ya daftari langu. Ukienda, nakuomba ufanye vivyo hivyo.

Jambo moja la pesa. Kabla ya safari niliagiza nakala ya mchoro mmoja kutoka duka la mtandaoni linalouza picha za kale. Nililipa pauni arobaini na tano, ikaja imefifia, imekatwa kingo, na maelezo ya chini yakasema ni "kijiji cha Kenya". Mchoro wa Karagwe! Niliwaandikia mara tatu, hawakujibu. Usifuate njia hiyo. Iulize maktaba yenyewe kuhusu nakala, au njoo uone kwa macho yako.

Kasoro za ziara yenyewe? Chumba kina baridi, njoo na sweta. Majalada huletwa moja moja, kwa hiyo panga utakavyoyafuatanisha. Kwa anayetoka Glasgow kama mimi, treni ni kama dakika hamsini, na ukiwahi kufika mlangoni asubuhi unapata siku nzima.

Jioni ya siku ya kwanza nilimpigia mama simu Kayanga. Nikamweleza kwamba nimeona kwetu, imechorwa zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, na kwamba wale wageni waliliita ziwa letu Windermere kwa sababu liliwakumbusha ziwa la kwao.

"Na milima ameichora?" akaniuliza.

"Ameichora, mama."

"Ina miti au ina nyasi?"

Sikuwa nimeangalia. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuifungua shajara, niliomba wanirudishie kwanza jalada la picha, nikainama tena. Ni nyasi, mama. Juu mpaka chini, nyasi tupu, na miti michache bondeni.